Msaada tutani: nataka kuziba matangazo kwenye ruta yenyewe, si simu moja moja

MshonoMakorora, Jumapili saa 3:40 usiku

Wakuu na wadada, salaam. Mimi ni fundi cherehani, niko Makorora hapa Tanga, nashonea nyumbani chumba cha mbele. Kompyuta sijaisomea, lakini hainitishi. Mtakachoniambia nitakifuata kama ninavyofuata mstari wa chaki.

Kisa chenyewe ni hiki. Nina tableti naiweka mezani kwa ajili ya wateja. Mtu akija anataka abaya au gauni la harusi, namfungulia tovuti za mishono, anapekua mwenyewe huku mimi namalizia kazi ya mwingine. Alhamisi alikuja mke wa ustadhi wetu na binti yake anayeolewa. Nikawapa tableti, nikainama kwenye ovaloki. Nasikia kimya. Kimya kirefu. Nainua kichwa, mama wa watu kaishika tableti kwa ncha za vidole, kaiweka mbali na uso kama kapewa samaki aliyelala. Katikati ya abaya mbili limechomoza tangazo la dawa ya nguvu za kiume, na picha zake mnazijua. Alipotaka kulifunga, kile kialama kidogo cha pembeni kikamkwepa, ukafunguka ukurasa mzima. Hakusema neno. Alimwambia binti yake, "Twende, tutarudi." Leo ni Jumapili, hawajarudi.

Hiyo ni tableti. Nyumba nzima inaning'inia kwenye waifai moja: simu ya mama yangu, ambaye kila akitafuta mawaidha anaishia kwenye "hongera umeshinda" na kuniita chumbani nimsomee alichoshinda, simu ya mdogo wangu wa kiume, simu yangu, na kiboksi cha TV ambacho wanangu wawili wamekioa. Ruta ni ya laini ya simu, ile nyeupe ya kusimama. Naiwekea bando la GB 40 la mwezi na tarehe 20 haifiki. Nikifikiria kwamba na yale matangazo nayalipia mimi, usingizi unaruka.

Simu yangu nimeshaiwekea programu ya kuzuia. Lakini kuzunguka kifaa kimoja kimoja ni kufukuza panya kwenye nyumba ya makuti, na kile kiboksi cha TV hakikubali programu hiyo kabisa. Kwa hiyo swali: naweza kuifanya ruta yenyewe ikatae matangazo, kila anayeingia kwenye waifai akute kazi imeshafanyika? Nimeingia kwenye kurasa za ruta kwa 192.168.8.1. Sehemu ya DHCP (inayogawa namba kwa vifaa) ipo, ila pa kuandikia DNS hapapo kama video zinavyoonyesha.

Nina ruta ya TP-Link ya zamani, TL-WR841N ya antena mbili, inalala kabatini. Nina na laptopu kuukuu yenye mstari kwenye kioo. Nawasilisha.

MgosiWaSahare, Jumapili saa 4:05 usiku

Dada pole sana. Ila hapo kwa mke wa ustadhi kahawa imenitoka puani. Ngoja waje wataalamu, nami nimekaa mkao wa kula. Atakayenizibia matangazo ya YouTube ana pweza wangu mzima, aje Sahare alfajiri.

FundiWaya, Jumapili saa 5:20 usiku

Dada Mshono, vifaa ulivyo navyo vinatosha. Nunua kipande kimoja tu cha waya wa LAN, mita moja, basi.

Kwanza uelewe unachofanya, maana ukielewa hutanipigia hodi kila likiharibika. Simu ikitaka kwenda tovuti fulani haijui njia, inauliza. Ni kama mgeni aliyeshuka stendi ya Kange anatafuta mtu Ngamiani: jina analo, lakini ni barabara ya 4 au ya 19 hajui. Atamuuliza mjumbe. DNS ndiye huyo mjumbe: unampa jina, anakupa namba. Na ukurasa mmoja wa mishono hauulizi mara moja. Unauliza nyumba ya picha, nyumba ya maandishi, halafu unaanza kuuliza nyumba za wauza matangazo na za wapelelezi wao, moja baada ya nyingine, mpaka mjumbe achoke. Sisi tunabadilisha mjumbe. Huyu mpya ana daftari la nyumba za matangazo. Akiulizwa mojawapo anajibu 0.0.0.0, yaani nyumba hiyo haipo. Simu inakata tamaa, tangazo halishuki, na data yake haikatwi kwenye bando lako.

Ruta nyingi za laini zimefungwa hapo kwenye DNS, usihangaike nayo. Iache ifanye kazi ya kuleta intaneti tu, kugawa tumpe TP-Link. Waya unatoka tundu la LAN la ruta ya laini unaingia tundu la WAN la TP-Link, lile la buluu la kupokelea intaneti. TP-Link ibonyeze kile kitundu au kitufe cha nyuma sekunde kama 10 (pini unazo, wewe ni fundi) ili isahau mambo ya zamani. Iingie kwa 192.168.0.1. Hiyo ya laini ni 192.168.8.1, hazigombani. Ipe jina jipya la waifai na paswedi mpya. Kisha nenda ukurasa wa DHCP, kuna visanduku viwili vya DNS. Cha kwanza andika 94.140.14.14, ni DNS ya bure ya AdGuard inayozuia matangazo. Kwa kuwa una watoto, ungeweza kuandika 94.140.14.15, ambayo ni ileile ila inazuia na picha chafu. Kisanduku cha pili weka 8.8.8.8 ya Google iwe akiba.

La mwisho na usilipuuze: zima waifai ya ruta ya laini. Ukiiacha inawaka, vifaa vitaendelea kuing'ang'ania.

Hiyo ni daraja la kwanza, dakika 20. Daraja la pili ni kumweka mjumbe ndani ya nyumba yako, kwenye hiyo laptopu. Programu ziko mbili maarufu: Pi-hole, aliyoianzisha Jacob Salmela mwaka 2014 ikaitwa hivyo kwa ajili ya kile kikompyuta cha Raspberry Pi, na AdGuard Home ya mwaka 2018. Zote za bure. Faida yake unaona nani anauliza nini, unaongeza daftari unalotaka na unaruhusu unachotaka. Hasara: laptopu ikilala, nyumba nzima inalala.

Na wenye ruta za MikroTik, kuanzia RouterOS 7.15 (programu inayoziendesha) ya mwaka 2024 ruta yenyewe inasoma daftari la matangazo, huhitaji kompyuta. Ila msifanye kama mimi. Nyumba ya wageni ninayoihudumia kule Raskazone niliipakia orodha nzima ya StevenBlack, daftari maarufu la matangazo, majina zaidi ya laki moja, kwenye kiruta cha RAM MB 32. Ilikuwa Ijumaa jioni, vyumba vimejaa. Kiruta kikawa kinajiwasha na kujizima kama taa ya pikipiki mbovu, na meneja ananitafuta mpaka msikitini. Kosa langu mwenyewe: pima mzigo kabla hujambebesha punda.

Mgosi, pweza wako kaanga mwenyewe. YouTube haizibiki kwa njia hii. Video na tangazo vinatoka kwenye seva zenye majina yaleyale, ni gunia moja. Mjumbe akikataa tangazo anakuwa kakataa na video. Matangazo yaliyo ndani ya Facebook na Instagram ni hivyohivyo.

MshonoMakorora, Jumanne saa 2:15 usiku

Kaka Waya, Mungu akupe. Nimefanya kama ulivyosema. Waya nimeupata, TP-Link imewaka, waifai mpya nimeipa jina la duka langu. Visanduku nimejaza 94.140.14.15 na 8.8.8.8.

Lakini jamani, mbona inakuja na kuondoka? Asubuhi tableti ilikuwa shwari, nikasema alhamdulillah. Saa 7 mchana ukurasa uleule, tovuti ileile, tangazo la kubeti hilo hapo linaruka. Nikazima nikawasha, likapotea. Jioni likarudi. Kwa mama ndiyo balaa, kwake hakuna kilichobadilika hata kidogo, leo ameshinda gari. Nimekagua namba mara tatu, sijakosea hata nukta. Nimekosea wapi?

DadaSeva, Jumanne saa 3:30 usiku

Hujakosea wewe dada yangu, kakosea kaka Waya. Asinichukie.

Kaka, hicho kisanduku cha pili umemwachia mlango wa uani. Watu wanadhani DNS ya pili ni tairi la akiba, haiguswi mpaka la kwanza lipasuke. Sivyo. Kifaa kikipewa wajumbe wawili kina uhuru wa kumuuliza yeyote, na vingine vinawauliza wote wawili na kumsikiliza atakayewahi kujibu. 8.8.8.8 hana daftari la matangazo, kila jina analijibu. Ndiyo maana yanakuja na kuondoka. Aidha wajumbe wote wawili wawe wanaozuia, au awe mmoja tu. Kwa hiyo dada, kisanduku cha pili futa hiyo 8.8.8.8, andika 94.140.15.16, ndiyo pacha wa hiyo ya familia uliyoweka. Kisha kila kifaa kitoe kwenye waifai na ukirudishe, maana namba za zamani kinakuwa bado kimezishika.

Simu ya mama nahisi ni jambo jingine. Ni Android? Kuanzia Android 9 kuna kitu kinaitwa DNS ya Faragha kwenye mipangilio ya mtandao. Kama kuna mtu alishamwandikia jina la DNS nyingine pale, simu inauliza huko moja kwa moja, ruta yako haiulizwi kitu. Iweke kwenye kiotomatiki. Na Chrome nayo ina sehemu ya DNS salama. Kama kuna mtoa huduma kachaguliwa pale, toa.

Kupima kama imeshika, fungua kivinjari uandike ad.doubleclick.net, nyumba ya matangazo ya Google. Ikikuambia haipatikani, vizuri.

Na wanaotumia ruta moja ya faiba bila kuweka nyingine katikati, waangalie IPv6, ule mfumo mpya wa namba za mtandao unaotembea sambamba na wa zamani, IPv4. Unaweza kupanga DNS yako vizuri upande wa IPv4, kumbe ruta inagawa mjumbe mwingine upande wa IPv6 na simu zinamwendea huyo.

FundiWaya, Jumanne saa 3:52 usiku

Dada Seva umenikamata, nakubali mbele ya watu. Kwa wateja wangu wa hotspoti naweka 8.8.8.8 ya pili makusudi, nisipigiwe simu usiku. Pale lengo ni intaneti isikatike, matangazo hayanihusu. Mazoea yakanipeleka mpaka Makorora. Dada Mshono niwie radhi.

MshonoMakorora, Jumatano saa 1:10 usiku

Imeshika! Tableti tangu asubuhi nyeupe kama sanda, niseme nini, nyeupe kama shuka la bwana harusi. Palipokuwa na tangazo pamebaki mraba mtupu, na kurasa zinafunguka haraka.

Simu ya mama kweli ilikuwa na jina la DNS limeandikwa. Aliandika kijana aliyemuuzia simu, mama anasema alimwambia "nakuwekea intaneti kali". Nimeiweka kiotomatiki. Jioni hii mama kaja kuniuliza kama intaneti imekatika, maana hajashinda kitu siku nzima.

MtazamajiWaMkwakwani, Jumatano saa 2:45 usiku

Naomba nami niseme, mnirushie mawe polepole. Nina kiblogu cha Wagosi wa Kaya, Coastal Union yetu. Kila mechi ya nyumbani naingia Mkwakwani kwa tiketi yangu, naandika, napiga picha. Anayenilipa bando ni hayo matangazo mnayoyafukuza, sina mshahara mwingine wa kazi ile. Ninyi mnasherehekea mraba mtupu, kumbe huo mraba ndiyo chai yangu. Matangazo ya dawa za nguvu na mimi nayachukia, nimeyazima upande wangu. Lakini mjumbe wenu hatofautishi.

MgosiWaSahare, Jumatano saa 2:58 usiku

Mwandishi, ukiacha kuandika "mwamuzi katuua" kila wiki nitakuruhusu hata matangazo matatu.

DadaSeva, Jumatano saa 4:20 usiku

Hoja yako nzito, kaka, wala si ya kurushiwa mawe. Kwa DNS ya bure ya AdGuard aliyoweka dada, kweli hakuna namna ya kusema "huyu mpite". Ni daftari lao, hulishiki. Ukiwa na AdGuard Home au Pi-hole yako mwenyewe unaweza. Ila hapo nako kuna mtihani: tangazo kwenye blogu yako halitoki kwako, linatoka kwa muuza matangazo mkubwa yuleyule anayewahudumia wengine wote. Nikimruhusu kwa ajili yako, amepita kwa wote. Anayetaka kukuruhusu wewe peke yako atumie kizuizi cha ndani ya kivinjari, uBlock Origin kwenye Firefox, kile kinaelewa tovuti moja moja. Nami nakushauri uweke namba ya kuchangia kwenye blogu. Mimi si wa Coastal lakini nitatuma.

Hapohapo nimjibu Mgosi: Firefox ya Android inakubali uBlock Origin. Fungua YouTube humo badala ya kwenye programu yake, utaona. Kwenye kiboksi cha TV, vumilia tu.

Na dada Mshono, nisikudanganye kuhusu bando. Litapona kidogo, halitadumu mara mbili. Mla bando mkubwa nyumbani kwako ni katuni za kiboksi cha TV, na hizo DNS haizigusi. Ingia kwenye mipangilio ya YouTube ushushe ubora wa video mpaka 480. Hapo utaona tofauti kuliko kwenye haya yote tuliyofanya.

MshonoMakorora, Jumamosi ya wiki ya pili, saa 3:00 usiku

Mrejesho, wapendwa. Mrefu kidogo, mnisamehe, leo sina kazi ya haraka.

Ile hoja ya kumweka mjumbe ndani ya nyumba iliniwasha. Nikamwomba kijana wa jirani yetu anayesoma chuo aje na flashi, akaifuta laptopu na kuweka Debian, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. AdGuard Home tuliweka wenyewe, yeye akiandika na mimi nikimsomea. Unapakua, unafungua, unaiambia ijisajili iwe inaamka pamoja na mashine, halafu unaingia kwa kivinjari mlango (port) namba 3000 unamalizia. Kutuchelewesha kulikuwa kudogo lakini kwa kuudhi: ukifunika laptopu, inalala, na nyumba nzima inapiga kelele. Kuna faili la mipangilio ambamo unaiambia ikifunikwa ipuuze. Tulipoliandika hilo, nimeifunika na kuipandisha juu ya kabati la vitambaa. Waya wa pili wa LAN unaiunganisha na TP-Link, na nimeitengea namba isiyobadilika, 192.168.0.110. Kwenye ukurasa wa DHCP sasa kuna namba hiyo moja tu. Cha pili kitupu, nimejifunza.

Umeme ulipokatika Jumatano, laptopu ilibaki hai kwa betri yake, ruta zote mbili zikafa. Tukacheka: mjumbe kakaa barazani na hakuna wa kumuuliza. Ila naona itanila umeme. Kijana kapiga hesabu ya wati 25 usiku na mchana, akapata unit 18 kwa mwezi. Siku nikipata pesa nitaagiza kile kikompyuta cha Raspberry Pi alichokitaja kaka Waya.

Sasa nieleze nilichokiona kwenye ile orodha ya maswali. Nilidhani atakayeongoza ni mdogo wangu. Wapi! Ni kiboksi cha TV. Hata kikiwa kimezimwa kwa rimoti, watoto wamelala, sebule giza, kinauliza, kinauliza, usiku kucha, nyumba za watu nisiowajua. Karibu kila swali lake la usiku limekatwa. Nilisimama pale na simu mkononi saa 8 za usiku nikahisi kama kuna mtu kakaa kwenye kochi langu. Tangu siku hiyo tukilala nakichomoa ukutani.

Halafu ndiyo ugomvi. Niliona orodha ya StevenBlack ina toleo la kuzuia kamari, nikaiongeza. Haikuwa na tovuti zote za huku kwetu, kwa hiyo zile anazotumia mdogo wangu niliziandika kwa mkono wangu mwenyewe, moja moja, ||jina^, ||jina^, kwa roho safi kabisa. Jioni moja nikasikia ukelele chumbani kwake. Ana mkeka wa timu 11, zimebaki dakika kumi mechi ya kwanza ianze, ukurasa haufunguki. Akaja na simu, akaja na laini nyingine, akailaani kampuni ya simu. Mimi kimya, napiga pasi. Mama ndiye aliyeniuza: "Si dada yako kaweka polisi juu ya kabati."

Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akawa na furaha ghafla. Nikaingia kwenye orodha, kifaa chake hakipo. Hakipo kabisa, wakati yeye yuko kitandani anachezea simu. Kaka Waya, nikakumbuka maneno yako. Waifai ya ruta ya laini sikuizima! Na paswedi yake ya zamani anaijua, ndiye aliyeiweka. Nimeizima leo.

Swali sasa si la mitambo tu. Ana miaka 26, anafanya kazi bandarini, pesa ni yake. Mama anasema nimwachie, mimi nasema nyumba ni yangu. Ninyi mngefanyaje?

MgosiWaSahare, Jumamosi saa 3:20 usiku

Timu 11! Huo mkeka dada ulimwokolea pesa, angechanika tu. Ila mwanaume mzima kufungiwa na dada yake, hapana, mtoe kifungoni.

DadaSeva, Jumamosi saa 4:00 usiku

Hongera kwa kazi safi. Ugomvi wenu una dawa ndani ya AdGuard Home yenyewe. Kila kifaa unaweza kukisajili kama mteja wake na kukipa masharti yake. Tableti ya dukani, simu za watoto na kiboksi viwe na kila kizuizi. Simu ya mdogo wako izuiwe matangazo tu. Hizo sheria ulizoziandika kwa mkono unaweza kuziongezea jina la kifaa zinachokihusu, zisimguse yeye.

Hiyo inawezekana kwa sababu uliandika namba ya laptopu kwenye DHCP. Wanaoiandika upande wa WAN wa ruta wanaona maswali yote yametoka kwa mtu mmoja, ruta, wala hawawezi kutenganisha nani ni nani.

Jambo jingine: lile daftari la maswali linaonyesha kila mtu wa nyumbani kaenda wapi na saa ngapi. Umeona ya kiboksi ukashtuka. Mdogo wako naye akijua unaona yake atashtuka hivyohivyo. Kwenye mipangilio unaweza kupunguza siku za kuhifadhi, au kuficha vifaa vya watu. Mimi nyumbani kwangu nimeweka saa 24 tu, na nimewaambia wote.

FundiWaya, Jumamosi saa 4:30 usiku

Nimefurahi kama nimejifungia mtambo mwenyewe. Nyongeza moja: chukua karatasi, andika "laptopu ikifa, ingia 192.168.0.1, DHCP, weka 94.140.14.15 na 94.140.15.16", ibandike nyuma ya ruta. Siku hiyo utakuwa harusini Pongwe, na mama atakuwa peke yake na watoto.

Ushauri wangu haujawahi kuwa wa bure, lakini. Idi inakuja na kanzu yangu imechakaa kola.

MshonoMakorora, Jumapili saa 2:00 asubuhi

Karatasi nimebandika. Mdogo wangu nimemsajili kama mteja, nimemwachia mikeka yake, na siku za kuhifadhi nimeshusha mpaka moja. Nilimwambia wakati wa chai. Kaniuliza, "Kwa hiyo ulikuwa unaona zote?" Nikamwambia nilikuwa naona majina tu, sioni ndani. Kanyamaza, kanywa chai, kaomba chapati ya pili.

Mke wa ustadhi karudi jana na binti yake. Wamekaa na tableti saa nzima, wamechagua abaya nne. Kuna tovuti moja ya mishono iliwaandikia "zima kizuizi chako ndipo uone", wakahamia nyingine, hawakuuliza.

Kaka Waya, kanzu utapata. Lakini kipimo cha bega hakitumwi kwa maandishi. Pita na kanzu yako moja inayokukaa vizuri, nichukulie hapo. Kitambaa uje nacho.